Mariamu kaapishwa, Zuhura anakwenda naye

Doha, Ijumaa usiku

Nisamehe, daftari langu, nimekutupa siku nyingi. Niliogopa kuiandika hofu yangu.

Mdogo wangu Mariamu ameapishwa kuwa hakimu. Chuo, shule ya sheria, miaka ya ukarani mahakamani, hatimaye amepata. Nilifurahi, halafu nikasikia kapangiwa Tunduru, kusini kabisa. Na binti yangu Zuhura, anayelelewa naye pale Tanga, je?

Leo napiga pasi kanzu za bosi hapa Al Wukair, pembezoni mwa Doha, simu ikaita.

"Dada, nakwenda na Zuhura."

"Utamweza, na kesi zote hizo?"

"Tumeonywa tusizoeane na watu wa mjini, maana kesho mmoja wao atasimama mbele yako kizimbani. Sasa jioni nipige soga na feni?"

Nilicheka mpaka madamu akachungulia. Lakini nikamwambia wazi, mwanangu asijidai mtoto wa hakimu shuleni, na soksi zake afue mwenyewe.

"Sawa, mheshimiwa," akanijibu.

Mgongo unauma, ila moyo umetulia. Sasa anitumie tu kipimo cha mguu wa Zuhura nimnunulie viatu, jina la shule mpya, na sauti ya Zuhura mwenyewe akisema amekubali kwenda.