Jina Lenye Maji Matatu

Tongcheng, 3 Machi 1993

Mwanangu Miao,

Hujambo huko Ningbo? Kiwanda cha mashati hakikuchoshi? Sisi wazima, ila mama yako kifua kinambana. Mdogo wako Guozhu anaoa mwezi ujao. Sasa usikasirike. Mzee Ke, mpiga ramli wetu, ametazama saa mlizozaliwa. Bibi harusi ni mtu wa moto, na jina lako limeandikwa kwa alama ya maji mara tatu. Maji huzima moto. Wakwe wamesikia, wameingiwa na hofu. Usije.

Baba yako

Ningbo, 19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Nilipozaliwa, Mzee Ke huyohuyo alisema nimepungukiwa maji, mkanipa jina la kunijaza. Sasa nimejaa, mnanikimbia? Nikiwamiminia wageni chai mtaona mafuriko? Haya, siji. Ila Mama mpeleke hospitali upesi, tafadhali. Akizidiwa niletee telegramu, kesho yake nitakuwa nimefika.

Binti yako

Tongcheng, 2 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Sijui nianzeje. Mama yako alituacha tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Tumemzika juu ya shamba la chai. Siku tatu mfululizo aliuliza, "Miao yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko njiani." Sikukuita kwa sababu Mzee Ke alisema maji yasimkaribie mgonjwa wala kaburi jipya. Siku mia zikipita, uje.

Baba yako

Ningbo, 15 Novemba

Baba,

Sikuulizi hali. Siku tatu! Kila mbwa akibweka aligeukia mlango, sivyo? Namjua. Nami nilikuwa hapa nashona vifungo, naimba. Barua yako nimeisomea chooni, wenzangu wasinione. Ni maji gani hayo yanayomkataza mtu kumlisha mama yake uji? Usiniandikie tena.

Miao

Tongcheng, 12 Februari 1994

Miao, mwanangu,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya nne, tatu zimerudi. Guozhu na mkewe wamehamia kwa wakwe, mwaka mpya nimeula peke yangu.

Nikwambie ukweli. Mzee Ke hakusema neno juu ya mama yako. Ni mimi. Hospitali walisema nimechelewa mno kumleta, nami nikajua utakuja uniulize nilikuwa nangoja nini. Niliyaogopa macho yako. Nikasingizia maji.

Siku ya nne mama yako hakuuliza tena. Alinitazama tu, mpaka mwisho.

Baba