Birika la Pembe Nane

Kilwa Kisiwani

Shemeji Zainabu,

Natumaini wewe na watoto hamjambo. Huku mvua haijakatika tangu nilipoondoka Masoko. Leo nimeliona birika la pembe nane, kwenye magofu ya kasri la Husuni. Marehemu kaka alikuwa akiniambia kwamba duara kubwa likizunguka mara moja, huku limebeba duara dogo sana linalozunguka kinyume mara saba, nukta iliyo ukingoni mwa hilo dogo itachora umbo kama hilo. Nilikaa ukingoni chini ya mwavuli, nikalichora kwa kanuni yake hiyo, nukta baada ya nukta. Mistari ikakaribia kunyooka, pembe zikatokea zote nane. Nikageuka nimwonyeshe kaka.

Mnyapara wa vibarua wanaofukua magofu akaniuliza, “Unamtafuta nani, bwana?”

Nikaikunja karatasi yenye mchoro, nikaitia mfukoni.

Mungu akupe subira, shemeji yangu. Nibusie watoto.

Athumani