Homa ya Jioni Baada ya Upasuaji wa Mama

Jumatatu, 14 Novemba 1994

Mawingu tangu alfajiri. Upepo wa mashariki, mkavu. Mvua hakuna.

Nimechota maji, nimepika uji wa uwele, nimemwosha Mama. Tangu nipunguzwe kazi ya ukarani mjini Singida, siku zangu huanza hivi. Kidonda kimefunga vizuri tangu wamkate kipande cha utumbo hospitalini mwezi Septemba. Lakini chini ya kovu, upande wa kulia, pagumu na pana joto. Uji amekunywa nusu kikombe. Kipimajoto asubuhi: kawaida. Jioni: homa tena.

Mama Mdogo Tabea, mdogo wake Mama, ameleta klorokwini kutoka duka jipya la dawa barabarani. Zamani tulisubiri zahanati ipate mgao. Siku hizi dawa zimejaa madukani, na kila homa ni malaria. Hii ni dozi ya tatu.

Alhamisi, 17 Novemba

Dozi imekwisha. Homa ipo. Mama amejikuna mpaka ngozi imechubuka.

"Tabea, umeninunulia dawa au upupu?"

"Jikune tu, dada. Maiti hajikuni."

Wakacheka wote wawili hadi Mama akashika tumbo. Mimi sikucheka. Khanga yake inamzunguka kiunoni kama amevaa ya mtu mwingine.

Nimemwambia kaka Msengi turudi hospitali. Amekubali bila kubisha. Naye ameona.

Jumatatu, 21 Novemba

Jua kali. Hospitalini. Daktari ni yule yule aliyempasua, kijana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesahau nini tumboni mwangu, mkasi?"

Daktari akacheka. Kisha akambonyeza tumbo, akaacha kucheka.

Damu ya kidole: malaria hakuna. Klorokwini yote ile imekwenda bure.

Damu nyingine wameitia kwenye mrija mwembamba wa kioo, wakausimamisha wima kwa saa moja. Niliomba kukaa pale. Wekundu ulikuwa unazama, juu yanabaki maji ya manjano. Kwa mtu mzima wa afya hushuka kidogo tu. Ya Mama ilishuka kama jiwe kisimani.

Daktari alituita pembeni mimi na kaka. Mwili wa Mama unawaka kwa ndani. Kitabuni huko kuwaka wanakuita mchochota. Huenda kuna usaha pale walipounganisha utumbo. Huo unatibika. Au saratani imebaki na mwili unapigana nayo. Hiyo hana la kuifanyia. Atalazwa, atachomwa sindano kwa wiki moja, kisha damu ipimwe tena. Ikizama polepole, tumshukuru Mungu.

Kaka amesema Mama asisikie neno saratani. Septemba tulimwambia ni jipu la utumbo. Kwetu mgonjwa haambiwi. Ukimwambia, umemchimbia kaburi. Nilinyamaza. Nilinyamaza Septemba pia.

Alhamisi, 24 Novemba

Wodini. Jana jioni hakuna homa. Leo pia hakuna. Amekula ugali na mlenda, akalalamika chumvi haitoshi. Nimeogopa kufurahi. Nimefurahi.

Jumatatu, 28 Novemba

Manyunyu asubuhi. Mrija tena. Sikutaka kuutazama, nikautazama. Damu imezama zaidi kuliko mara ya kwanza.

Homa imerudi tangu juzi. Sindano hazikupata usaha wa kukausha. Daktari amepapasa ini: limevimba, lina vinundu. Hakuzungusha maneno. Amesema wale ambao mwili huendelea kuwaka hivi baada ya upasuaji, wengi wao hawafiki mbali. Nikauliza mbali ni wapi. Akasema tarehe hana, ila nisifikirie mwaka. Nifikirie miezi, na michache.

Naandika maneno yake kama yalivyo, nisije nikayalainisha baadaye.

Kaka amelia nyuma ya jiko la hospitali. Kisha akanawa uso, akaingia wodini. "Mama, tunarudi nyumbani. Umepona."

Nimemchukia. Dakika ile ile nimemwonea huruma.

Jumatano, 30 Novemba

Nyumbani, Misigiri. Mvua ya kupandia imenyesha jana. Kijiji kizima kiko mashambani.

Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni. Amemwambia kaka atengeneze kipande chake cha mtama. Kila mwaka hupanda ule wa kienyeji, unaokaa shambani mpaka Juni. Wa muda mfupi, alioleta bwana shamba, huvunwa Machi. Huo ameudharau miaka yote. Anasema ukila ugali wake, ukifika mlangoni una njaa.

Kaka akasema atapanda wa kienyeji kama kawaida. Mama akamtazama sana. Halafu akanigeukia.

"Wewe uliyesoma. Mwaka huu nipande upi?"

Mama Mdogo akaacha kupepeta. Wote tulielewa anachouliza. Kaka alinikazia macho ninyamaze.

"Wa muda mfupi, Mama."

Kaka akatoka bila viatu. Mama hakulia. Akauliza kama huo atauwahi. Nikasema sijui. Kweli sijui.

Alhamisi, 1 Desemba

Jua, halafu mvua, halafu jua. Kaka amemwambia Mama Mdogo kwamba nimemuua mama yetu kwa mdomo. Imeniuma kwa sababu usiku nilifikiri hivyo hivyo.

Mama ametuita sote watatu. Akataka jina la ugonjwa. Nikalitaja. Amekasirika, sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Si kwa ugonjwa, kwa sisi. Amesema ametuzaa, ametulea, na sisi tumemfanya mtoto anayefichwa sukari. Mama Mdogo alitaka kumtetea kaka, akaambiwa anyamaze, yeye na upupu wake.

Uji wangu ameukataa. Wa Mama Mdogo ameupokea. Nimekwenda kulia kwenye zizi la mbuzi.

Jumamosi, 3 Desemba

Kaka amepanda. Mama alitaka kuona. Tulimbeba na kiti mpaka ukingoni mwa shamba. Ni mwepesi, inatisha. Alisimamia kila mstari.

"Msengi! Unapanda au unazika panya? Fukia kidogo!"

Kaka akafukua, akafukia upya. Mstari wa mwisho Mama alitaka autie mbegu kwa mkono wake. Tulimshusha. Alitia mbegu kwenye mashimo machache, akaegemea kifua changu. Amenituma maji. Nimejua ameacha kunikasirikia.

Amemwambia kaka mbele yangu kwamba jirani wakiuliza, wasiambiwe amepona. Waambiwe anaumwa saratani na amepanda.

Maumivu makali tangu jioni. Vidonge vya daktari vinamsaidia kidogo tu. Usingizi hapati tangu turudi.

Jumapili, 4 Desemba

Mvua laini tangu asubuhi. Hatukwenda kanisani.

Kaka amekuja kukaa nasi. Amemenya karanga muda mrefu, akanimiminia zote kiganjani. Nimezila.

Mama ameomba tumgeuze upande wa kushoto. Kaka ameshika mabega, mimi miguu. Tumemwekea mto mgongoni. Mkono wake una moto, nimeushika hivyo hivyo. Aliuliza kama mvua bado inanyesha. Kaka akamjibu bado, Mama. Akasema basi msifunge mlango.

Tumeuacha wazi. Amepata usingizi saa nane na dakika ishirini mchana, anakoroma kidogo.