Mbinguni Hakuna Choo

Jumatatu, 16 Oktoba 1961

Tumechimba tena. Choo cha zamani kimejaa, inzi kila mahali. Papa Mutombo na mimi tu. Yeye alifanya kazi mgodini maisha yake yote, anachimba bila kusema neno. Udongo wa kambi hii ya wakimbizi mgumu kama tofali. Askari wa kigeni wa kofia za buluu, wanaotulinda, walitupatia sepetu, wakarudi kwenye malori yao. Wanaume wengine wamekaa chini ya turubai la mwinjilisti Kabwe, wanaimba. Mke wangu yuko nao tangu asubuhi.

Mgongo unauma. Leo sina la kumwambia Mungu.

Jumatano, 18 Oktoba

Kabwe alipita karibu na shimo, akasimama.

"Shemasi, muko nachimba ya nini? Bwana iko karibu. Ku mbingu hakuna choo."

"Siye hatuyafika bado kule, Papa Kabwe," nilimjibu.

Watu walicheka. Hata mimi. Kisha nikajichukia kwa kucheka.

Si mtu mbaya. Sisi watu wa Kasai tulipofukuzwa mtaani kwetu Kamalondo, yeye, mtu wa kaskazini ya jimbo hili hili, alifukuzwa pia. Alitusaidia kubeba mizigo hadi hapa kambini. Binti yetu Ngalula aliposhikwa na kuhara damu, Kabwe alikaa kando yake akiomba mchana kutwa. Mtoto alikufa tu. Miaka sita. Ndiyo sababu ninachimba. Mama yake anangoja mbingu kwa sababu hiyohiyo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mke wangu hajala tangu jana. Sufuria yetu amempa jirani. Blanketi pia. Amefua kikwembe chake kizuri, kitenge cha maua mekundu alichojifunga siku ya ndoa yetu, amekikunja na kukiweka kichwani pa mkeka. Eti ni cha siku ile. Kabwe amewaambia Bwana atakuja Jumapili hii.

Nilikasirika. Nilipiga kelele, majirani wakasikia.

"Mama Ngalula, hakuna mutu anayejua siku. Tutapikia nini kesho?"

"Weye Baba Ngalula, kule Kamalondo ulituhubiria mbingu kila juma. Sasa unaikataa?"

Ni kweli nilihubiri. Nilikuwa na viatu, nilikuwa nimeshiba, mtoto wangu alikuwa amekaa benchi ya mbele. Neno lilikuwa jepesi mdomoni. Sasa ninaliogopa. Linanichukulia mke.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sikuchimba. Nimechoka. Asubuhi nilisikia bunduki upande wa reli, nikaweka sepetu chini, nikaenda kukaa na mke wangu chini ya turubai. Alinisogelea. Tuliimba. Nililia.

Niseme ukweli: ilikuwa tamu. Kukaa tu. Kungoja mtu mwingine aje amalize kila kitu. Nilimwona Papa Mutombo kwa mbali, peke yake, anatupa udongo. Niligeuza uso.

Nataka iwe kesho. Nataka kumwona mtoto wangu. Basi.

Jumapili, 22 Oktoba

Tulingoja tangu alfajiri. Mke wangu amevaa kikwembe chake. Kabwe aliomba mpaka sauti ikakatika.

Saa za mchana mvua ikaja. Ya kwanza msimu huu, na kubwa. Choo cha zamani kikafurika, uchafu ukaingia kwenye vibanda. Watoto walikuwa wanakanyaga humo humo. Hakuna aliyeondoka turubaini.

Ndipo tukamwona Kaku Mbombo, bibi wa kibanda cha jirani. Tumbo lilikuwa limemshika. Alitoka kwenye mvua akienda kwenye shimo jipya. Shimo hatujalizungushia kitu, ni nguzo tu zimesimama. Akachutama pale mbele ya kambi nzima. Alijifunika uso kwa mikono yake miwili. Mwili uliobaki ulikuwa wazi.

Mke wangu alisimama. Alikwenda mbio kwenye matope. Akafungua kikwembe, akabaki na gauni la ndani. Alikifunga kwa kamba kwenye nguzo hii na ile, kamba haikutosha, basi ncha moja akaishika mwenyewe, mkono juu, mvua inampiga. Alisimama hivyo mpaka bibi akamaliza. Kisha mwanamke mwingine akaja. Mke wangu akaendelea kushika.

Nilimfuata. Nikashika badala yake, nimegeuka nyuma.

"Bamama beko nateseka hivi kila siku?" aliniuliza. "Juu ya nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimemwambia kila siku. Lakini sikusema hivyo.

Bwana hakuja leo. Au sijui.

Jumatatu, 23 Oktoba

Tumechimba mfereji wa kupitisha maji. Nilimwomba Papa Mutombo msamaha kwa ajili ya Jumamosi. Akasema, "Chimba."

Kabwe hatoki kibandani. Amelala, uso ukutani. Wengine wanamtukana kutoka nje. Nilimpelekea maji. Hakunywa. Nikakaa naye.

"Atakuja," nilimwambia. "Weye na mimi hatujui siku. Amuka unywe."

Baada ya muda mrefu alikunywa. Nilimshika bega, nikatoka. Nilipomwambia atakuja, niliamini. Nimeshangaa.

Jumapili, 29 Oktoba

Watu wa turubaini wamenitaka nihubiri. Nimesema maneno machache, juu ya mbingu. Sauti haikutetemeka. Kabwe alikaa nyuma kabisa. Papa Mutombo alisinzia.

Jioni mke wangu amekula bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo. Kidogo. Kisha akaanza kumtaja Ngalula, kwa mara ya kwanza tangu tumzike: alivyokuwa anaogopa kuku, alivyopanda juu ya kiti na kupiga kelele akiona hata kifaranga. Tumecheka. Kisha amelia, nami nimemwacha alie.

Amelala sasa. Kesho ni zamu yake ya kuchota maji, ataamka mapema.