Usiiwashe Pikipiki ya Magurudumu Manne

Mjukuu wangu,

Asubuhi, tulipokuwa tukitoa hewa kwenye mafuta ya breki, ulinifokea eti naachia breki kabla hujakaza nati, ndiyo maana hewa haiishi. Haya. Ulipokwenda kulala umenuna, nikainama nikachungulia: mpira wa mafuta ya breki umepasuka, unavuja nyuma ya gurudumu la kushoto. Hewa inaingilia hapo, haiingilii mkononi mwangu.

~~Ufunguo uko kwenye kopo la sukari.~~ Ufunguo ninao, maana nakujua. Ule mteremko hauna huruma, nami mjukuu ninaye mmoja.

Nimekwenda kwa miguu kutafuta mpira mwingine. Anua nguo mvua ikija.

Kitendawili: aliyefoka kalala, aliyefokewa katembea. Jibu nipe nikirudi. Mji sitaki, nataka chai ya moto.

Bibi yako