Kifuniko cha Punda Wako

Maganga, mume wangu,

Tangu masika hujanitokea hata ndotoni. Huoni aibu? Jirani aliyezikwa juzi kashakuja kuniomba chumvi, wewe mjukuu niliyekubeba mgongoni umeninunia! Dada yako Kabula ndiye anayeandika. Nimemwambia asipunguze tusi hata moja.

Tulipoondoa matanga, punda wako alipewa baba yako mdogo Masanja, pamoja na mkokoteni na kile kifuniko cha bati cha chupa ya jemu ulichomfundishia. Huyu mwanangu amechunga ng'ombe tangu ana meno ya utoto. Kwake mlio ni amri: ukipiga mluzi, ng'ombe wanavuta. Basi akapanda mkokoteni, akabonyeza kifuniko. Tak! Punda akasimama hapo hapo. Tak! Akageuza shingo, akaleta mdomo apewe chake. Masanja akamshushia fimbo. "Mkaidi huyu! Maganga alimdekeza!"

Mjinga ni nani hapo? Wewe ulinifundisha, mimi nikikucheka kwamba video za simu zimekuroga: "Bibi, tak maana yake umepatia, njoo ule. Ukibonyeza, lazima umpe, hata kama umebonyeza kwa kukosea." Punje kwa punje, mpaka punda akajua kusimama kando ya kichuguu ili nipande mwenyewe, nisipakiwe kama gunia la mpunga. Kwa magoti yangu haya! Mbona hukumfundisha Masanja? Homa kidogo tu, ukaondoka. Ulikuwa unakimbilia wapi?

Punda akaanza kutetemeka kila kifuniko kikilia. Masanja akaleta mnunuzi wa ngozi za punda hapa uani. Nikakaa chini katikati ya lango la zizi. Nikasema, "Mpitishe juu yangu."

"Mama, nyie wazee mna shida."

"Sisi wazee ndio tuliokuzaa. Lete kifuniko hicho."

Mnunuzi akaona haya, akawasha pikipiki yake, akaenda.

Sasa kila asubuhi nabonyeza, naweka mahindi chini, narudi nyuma. Mwanzo alikuwa anakimbilia ukutani. Nabonyeza, naweka. Jana akaja mwenyewe mpaka kwenye kichuguu. Alitetemeka, lakini alisimama. Sikupanda. Nilimpa kiganja kizima, nikalia pale kama mtoto, na ni wewe uliyeniliza, mshenzi wewe.

Masanja alikuwa anachungulia nyuma ya ghala. Huyo naye nitambonyezea. Akiweka fimbo chini, tak, nampa kiazi.

Ngozi ya punda wako haitoki hapa Kakese nikiwa na pumzi. Nimeapa mbele ya kaburi lako, nawe ulisikia. Lala sasa, mume wangu.

Lakini uje. Na ukija, usianzie kwangu. Pitia zizini kwanza, umbonyezee, na mahindi yawe kiganjani. Usithubutu kuja mikono mitupu. Ukibonyeza, lazima umpe. Wewe ndiye uliyesema.

Bibi yako