Stendi Niliyoiacha Garini

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wanao, mkiwa salama. Zaidi zimfikie Mama Mdogo, ambaye najua atataka asomewe barua hii kabla wewe mwenyewe hujaimaliza. Mimi mwili wangu ni mzima. Kikohozi ulichokiulizia kimeniacha, na kazi ya kupiga picha nyumba za kupangisha inaendelea. Dalali wangu bado ananiita Profesa mbele ya wateja, na wakishaondoka ananibebesha ngazi.

Barua yako niliipata. Umenieleza kwamba Mama Mdogo alitamani apigwe picha kabla ya kufanyiwa upasuaji, tena kwenye kiti cha marehemu mama, kando ya dirisha lile la ghorofa ya tano. Kisha akabadili nia. Mikono yake imeanza kutetemeka kama ya dada yake, naye hataki kuacha nyuma aibu kama ile ya picha ya mwisho ya mama. Umeniomba nisije kumsumbua. Neno hilo "aibu" nimelirudia mara nyingi kuliko nilivyoisoma barua yenyewe.

Sikuweza kukutii. Kesho yake nilikwenda dukani kutafuta stendi mpya ya kamera, ile ya miguu mitatu. Mwenye duka ni mzee mfupi waliyempachika jina la Mizani, kwa kuwa hauzi kitu kabla hajakupa ukishike na kukisia uzito wake. Alinipangia stendi tatu sakafuni. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, nzito, isiyojali hata mtu akipita anakimbia. Ya pili ilikunjika ikatoshea mkobani. Nilipozipima mkononi, moja huku na moja huku, akanicheka, akasema hii nyepesi nitaibeba mpaka uzeeni, ila hii nzito ndiyo itakayonizeesha.

Kisha akaacha mzaha. Aliifunga kamera yangu juu ya ile nyepesi, akainua nguzo yake ya katikati mpaka mwisho, akaugonga mguu mmoja kwa ukucha. Akanitaka nitazame kwenye kioo cha kamera. Kabati la upande wa pili wa duka lilikuwa linacheza, na lilichelewa kutulia. Akaniambia neno ambalo kwake lilikuwa la kawaida tu:

"Picha ikitikisika, bwana, tazama kwanza vitu visivyo na roho. Ukiona ukuta nao umetikisika, usimlaumu mtu."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kamba yoyote inavyohitaji, mpaka mzee akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Dada, tangu mama atutoke sijamwambia mtu "tulia" mbele ya kamera bila moyo kunienda mbio. Ndiyo sababu niliacha kupiga picha za watu, nikahamia kwenye vyumba vitupu. Si kwa ajili ya soko, kama nilivyokudanganya. Lakini hata humo sijapata amani. Mchana kweupe, ninapokaza skrubu za stendi, husikia kiti kikilia nyuma yangu, kama cha mtu anayejiweka sawa asubiri kupigwa picha. Hugeuka. Chumba hakina kiti.

Sasa nisikilize. Siku ile ya kumpiga mama picha nilikuwa nimechukua stendi nzito ya studio, nikaiacha garini, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu nami niliona uvivu wa ngazi. Nikapanda na ile nyepesi. Ilikuwa fupi, nikainua nguzo ya katikati yote, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukatazwa. Mvua ilikuwa inanyesha, mwanga wa dirishani ulikuwa hafifu, na mama hakupenda taa zangu. Ikabidi kamera ikae wazi sekunde mbili nzima. Mama alivuta pumzi akaizuia. Nilikuwa namtazama kwa macho yangu mwenyewe, dada. Alitulia.

Picha ilitoka ina nyuso mbili. Aliponiuliza, nikasema imetikisika. Akaitazama mikono yake mapajani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mwili huu haunisikii tena."

Nami nikamjibu kwamba si kitu, mama. Hilo tu. Nilimwacha aombe radhi kwa kosa langu, akafa wiki ile ile akiamini ni lake, nami nikawaaminisha ninyi nyote.

Niliwaambia nimeifuta. Sikuifuta, imo ndani ya bahasha hii. Tazama saa ya ukutani: tarakimu zake ni mbili mbili. Fremu ya dirisha ni mbili. Miguu ya kiti ni minane. Vyote vimeachana kwa kipimo kimoja na uso wake. Kama ni mama aliyetikisika, basi aliitikisa na nyumba.

Nimenunua ile stendi ya tatu, ya uzito wa kati. Inafika usawa wa jicho bila kuinua nguzo, na ina ndoano chini ya kuning'inizia mkoba ili isimame imara. Ile ya chuma ni bora zaidi, lakini najijua: siku moja ningeiacha tena garini.

Msomee Mama Mdogo barua hii yote, usimrukishe mahali. Mwambie kwamba dada yake hakuacha aibu yoyote; aliketi vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha. Akinikubali, nitapanda ngazi hizo Jumamosi asubuhi, na hata mikono yake ikitetemeka, hiyo itakuwa mikono yake, nami nitaipiga hivyo hivyo. Asipotaka kuniona, sitalalamika.

Nisalimie shemeji na watoto. Nawe uwe na afya njema, hata kama utakawia kunijibu.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniamini.